MALEZI YA NYUMBANI: Mtoto na Mzigo Wake



Mwezi huu twawaandikia juu ya jambo tuliloliona Nkololo, katika wilaya ya Bariadi, tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu na kukaa nao siku chache. Aijuaye nchi hiyo hahitaji kuelezwa. Mashamba ya pamba na mahindi yamekwenda hata upeo wa macho, nyumba moja iko hapa na nyingine kule mbali, na udongo wa mbuga ni mweusi, kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua huganda miguuni kama gundi. Simiyu imekuwa mkoa wa peke yake tangu mwaka 2012, ilipotengwa na Shinyanga, lakini njia za miguu ni zile zile za zamani, na wazipitao asubuhi kabla ya watu wengine wote ni watoto.

Baada ya sala ya alfajiri tulikuwa tukiketi nje ya nyumba kuwatazama. Huyu ana fagio la vijiti, yule ana jembe begani, wa tatu ana dumu la maji, na karibu wote wameshika viatu mkononi ili visiharibiwe na tope. Alasiri wachache wao, walio watoto wa Kiislamu, hupita tena wakienda chuoni, wamechukua juzuu, na kopo la kutawadhia, na wengine mkeka uliokunjwa kwapani. Mtu mgeni angedhani ni msafara wa wachukuzi wadogo.

Miongoni mwao alikuwapo mtoto mmoja wa kike, umri wake wapata miaka 7. Yeye alikuwa na ndoo ya lita 10 kichwani, imejaa. Kila hatua kumi alisimama, maji yakamwagika, yakamlowesha toka kichwani hata sketi ya shule, na mikono yote miwili imeishika ndoo hata hana mkono wa kuushika mkoba wake, ambao alikuwa ameutia ukanda wake shingoni kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Tukamwuliza mwenyeji wetu, Mtoto huyu ni wa nani? Akatuambia ni wa jirani, kisha akaongeza habari iliyotusikitisha: kwamba mara mbili mtoto huyu alikutwa amejificha katikati ya mipamba, akangoja mpaka wenzake waliporudi kutoka shule, ndipo akarudi nao nyumbani kana kwamba alikuwa pamoja nao. Mama yake alimpiga kwa ajili ya utoro. Lakini mtoto huyu hakukimbia hesabu, wala hakukimbia kusoma. Alikimbia ndoo.

Tulikwenda kumwamkia mama huyo, na katika mazungumzo tukapata kujua kiini cha mambo. Hapana mtu aliyeagiza lita 10. Watoto waliambiwa walete maji tu, ya kumwagilia miche na kusafishia vyoo, na kipimo hakikutajwa. Mama alikuwa na ndoo moja nyumbani, basi akampa hiyo, na kwa kuwa mtu hachukui ndoo nusu, akaijaza. Hatukumwona kuwa ni mama mkali. Yeye mwenyewe huchukua ndoo ya lita 20 pasipo kuishika, akizungumza na wenziwe njiani, na kwake yeye lita 10 ni mchezo. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi twaongeza kuwa mzigo wa mtoto ndio mwepesi zaidi machoni petu, kwa sababu ni mdogo kuliko wetu.

Na tufanye hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita 10 ni kilo 10, na ndoo yenyewe mbali. Mtoto wa miaka 7 mwenye afya aghalabu hupata kilo 20 hadi 25. Maana yake ni kwamba amechukua nusu ya uzito wake, au karibu na nusu. Wewe baba mwenye kilo 70, lau ungetwikwa kilo 32 kila alfajiri, ukaenda nazo mwendo wa saa nzima katika tope, halafu ukaambiwa keti uandike kwa mwandiko mzuri, ungeandika nini?

Msomaji anaweza kudhani kuwa sasa tutasema watoto wasichukue kitu. La, hatusemi hivyo, na sababu ya kutosema ni kosa letu wenyewe. Sisi tulipokuwa na mtoto wa kwanza tulimpenda mapenzi ya kupita kiasi. Mkoba wake tulimchukulia sisi. Juzuu tuliifunga sisi katika kitambaa, kopo tulishika sisi, na kandambili zake tukazifuta vumbi. Akafika darasa la tatu hajui ndani ya mkoba wake mna nini. Siku moja tulipokuwa safarini alikwenda chuoni mikono mitupu, na mwalimu alipomwuliza juzuu yake iko wapi alijibu, bila ya haya wala hofu: "Baba amesahau." Mwalimu alicheka, na akatuhadithia tuliporudi. Sisi hatukucheka. Mtoto alisema kweli tupu. Juzuu ilikuwa ya baba, chuo kilikuwa cha baba, na kusahau kulikuwa kwa baba.

Basi kuna yule aliyetwishwa kupita nguvu zake na yule asiyetwishwa kitu, nao wote wawili, kwa ajabu ya mambo, hufika mahali pamoja, nako ni kuichukia safari.

Dawa yake watu wa Nkololo wanayo, wala hawana haja ya kufundishwa na sisi. Tazama wanavyofanya katika mifugo. Msukuma hampi mtoto wa miaka 6 kundi la ng'ombe aende nalo porini. Humpa ndama, wachache, karibu na nyumba, mahali ambapo mama akiinua kichwa huwaona. Akizoea, hupewa mbuzi na kondoo. Miaka ikipita hufuatana na kaka yake nyuma ya ng'ombe, akitumwa kumrudisha aliyepotea njia, na mwisho wake hukabidhiwa kundi. Hapana baba anayemcheka mtoto kwa kuchunga ndama, wala hapana anayewachunga ndama wale kwa niaba yake. Ni kazi yake, na ni ndogo kama yeye. Kisha baba huyo huyo, mwenye hekima ya namna hii katika zizi, huingia ndani akamwona bintiye anatwikwa ndoo ya mtu mzima, na asiseme neno. Sisi twauliza tu: kwa nini maji yasiwe na ndama wao?

Ndama wa maji ni dumu la lita 2 au 3. Yale madumu ya mafuta ya kula yaliyokwisha, yakioshwa vyema kwa maji ya moto na majivu hata harufu itoke, humfaa mtoto mdogo kuliko ndoo yo yote. Lina kifuniko, kwa hiyo maji hayamwagiki. Lina mkono wa kushika, na ukiuviringishia kitambaa haumkati vidole. Aweza kulichukua kwa mkono wa kuume akichoka akalihamisha kushoto, jambo ambalo ndoo ya kichwani haimruhusu. Mwenye miaka 10, ambaye aghalabu amefika kilo 30, hana shida na lita 5 kwa mwendo mfupi. Hizi si sheria, kwa maana watoto hawalingani, nao wa rika moja huweza kupitana kwa kilo nyingi. Mtazame yeye mwenyewe anavyokwenda. Akiwa amepinda upande mmoja, au anasimama kila mara, au hawezi kujibu salamu kwa sababu ya pumzi, mzigo umezidi.

Ama kuchukua kichwani, jambo hilo ni la mila zetu nasi hatulitukani, lakini liwe la mtoto aliyekua, na liwe na ngata iliyosukwa vizuri. Na aweke akilini kila mzazi kuwa mtoto huumia zaidi anapojitwika na anapotua kuliko anapokwenda. Shingo hupinda, mgongo hujipinda, na mikono midogo hutetemeka juu ya kichwa. Mtwike wewe mwenyewe, na umwambie afikapo asitue peke yake, amwite mwenzake amtue. Masika, njia ikiwa na utelezi, punguza. Udongo ule mweusi peke yake umekwisha mtwisha kila mguu mzigo wake.

Jembe nalo lina habari yake. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 jembe limepata heshima yake shuleni, na sisi hatuoni ubaya mtoto kujua mche unavyopandwa. Lakini majembe tunayowapa ni yetu. Mpini umepita kimo cha mtoto, na akiliweka begani chuma kiko nyuma ya shingo yake na karibu na uso wa anayemfuata. Fundi aweza kuchonga mpini mfupi na mwembamba kwa muda wa kungoja chai, na jembe lililokwisha lika kwa kazi, ambalo wewe huliona halifai, kwa mtoto ndilo lenye uzito wa kumfaa. Chuma kifungwe kitambaa au kipande cha mfuko wa salfeti, na njiani alishike mkononi, chuma kikitazama chini, wala asikimbie nalo.

Tukija kwenye mkoba, wengi wetu hatununui, hushona. Vyema sana. Ila tushone wenye mikanda miwili ya mabegani, si mmoja wa kuning'inia ubavuni, na mikanda iwe mipana, kwa maana ule mwembamba hula bega. Mkoba ukae juu mgongoni, usishuke hata ukampigapiga makalio, na kilicho kizito kitangulie kuingia ili kiuegemee mgongo. Juzuu na msahafu viwe na mfuko wao wa kitambaa, visichanganywe na viazi vya kuchemsha wala kandambili, na mtoto ajifunze kuvitoa na kuvirudisha yeye, kwa adabu yake. Twaona mkeka hauna haja ya kusafiri kila siku. Kama chuo kina pembe moja kavu, ukae huko.

Huenda mtu akasema kuwa mambo haya ya kupima mizigo ya watoto ni anasa ya wenye nafasi. Kwa hakika nchi kubwa zimeyashughulikia. Serikali ya India mwaka 2020 ilitoa mwongozo kuwa mkoba wa mwanafunzi usizidi sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yaani mwenye kilo 22 asipewe zaidi ya kilo mbili na kidogo. Japani, ambako mtoto wa miaka 6 huenda shule kwa miguu pasipo mzazi, na mkoba wake wa mgongoni ulio mgumu kama sanduku huutumia miaka sita ya shule ya msingi, Wizara ya Elimu iliandika mwaka 2018 kuzikumbusha shule kuwa si lazima vitabu vyote virudi nyumbani kila siku. Haikusema wazazi wawachukulie watoto mikoba. Ilisema mkoba upunguzwe, na mtoto aendelee kuuchukua.

Na kule kwenye theluji, Norwei na Uswidi, ambako wako jamaa wa Afrika Mashariki walioweka makao, watoto wadogo hufundishwa kwenda juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, ziitwazo skii, pamoja na fimbo zake mbili. Vitu hivi ni virefu, vinateleza, havikubali kushikwa pamoja, na mzazi mwenye watoto watatu akitaka kuwachukulia wote hugeuka kuwa mchukuzi wa bandari. Kwa hiyo wenye busara humchagulia mtoto mbao fupi zilizo nyepesi, huzifunga mbili pamoja kwa ukanda, humwekea begani, na kumtaka azichukue mwendo mdogo tu, toka garini mpaka mlimani. Mtoto akilia, mzazi humpunguzia fimbo, mbao akamwachia. Tumelitaja hili kwa sababu latuonyesha kuwa mambo ya mtoto na mzigo ni yale yale, awe katika theluji au katika udongo wa mbuga.

Katika nchi yetu wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema mambo mawili ambayo watu hupenda kushika moja na kuliacha la pili. Imemwekea mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa na kuwasaidia panapokuwa na haja, na imekataza asitiwe katika shughuli yo yote iwezayo kudhuru afya yake, elimu yake, au kukua kwa mwili na akili yake. Wazazi hulitaja la kwanza. Watoto wakubwa, waliokwisha jua kusoma, hulitaja la pili wanapotumwa kisimani! Sheria imeyasema yote pamoja.

Kuna jambo jingine tuliloliona katika njia ile, nasi twalisema ingawa litawaudhi baadhi ya akina baba. Ndugu wawili hupita, mvulana na msichana. Msichana ana dumu, fagio, na mikoba miwili. Mvulana ana fimbo anapigia nyasi. Ukiuliza wasema kuwa yeye jioni atachunga. Inshallah atachunga, na jioni ile dada yake atakuwa anateka maji, anaosha vyombo, na anambeba mdogo wao mgongoni. Mkoba wa mvulana una mikanda miwili na yeye ana mabega mawili. Auchukue. Zaidi ya hayo, mvulana aliyezoea kutembea mikono mitupu mbele ya dada yake, hatuoni sababu ya kudhani atabadilika atakapotembea mbele ya mkewe.

Na yuko mtoto asiyefaa kupimwa kwa kipimo cha wenzake. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ugonjwa wa selimundu ni mwingi. Mtoto mwenye ugonjwa huu, akichoka sana, au akikaukiwa na maji mwilini, au akipigwa na baridi, huweza kushikwa na maumivu makali ya mifupa hata akalazwa hospitali. Kumlowesha kwa maji ya ndoo alfajiri ya baridi ni kumtafutia maradhi. Huyu mpe kitu chake pia, kwa sababu naye ataka kuwa kama wenzake, lakini kiwe daftari na chupa ya maji yake ya kunywa, na mwalimu wake aambiwe. Kadhalika mtoto alalamikaye kila siku kuwa shingo au mgongo wamwuma, asiambiwe ni mvivu kabla hajaonwa na tabibu.

Wengi hutuuliza mtoto aanze lini. Twajibu: aanze siku anapoanza kwenda mahali. Mtoto wa miaka 4 anayefuatana na mama yake chuoni aweza kuchukua kopo lake tupu. Lina uzito gani? Halina. Lakini ni lake, na akiliacha atarudi kulitafuta. Usiku, kabla ya kulala, keti naye mtazame kesho kuna nini. Usimfungie, mwulize: kesho ni siku ya jembe au ya fagio? Pigilia msumari ukutani katika kimo chake, si katika kimo chako, atundike hapo mkoba wake, na dumu liwe chini yake. Tumeona nyumba ambamo mikoba yote hutundikwa juu ya mlango, halafu watoto huitwa wazembe kwa kutojitayarisha.

Atasahau. Siku ya kwanza akisahau fagio, na bado yu karibu, mwite arudi alichukue mwenyewe, usimkimbilie nalo. Akichoka njiani mkiwa pamoja, na akautupa mkoba chini na kuketi juu ya tope kama wafanyavyo, usiuchukue wote kwa hasira. Keti naye. Toa kitu kimoja, ukichukue wewe, umwachie kilichobaki. Tunajua katika Hadithi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali hali amembeba mjukuu wake Umama. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama alimbeba tena. Sisi katika safari za watoto wetu twaweza kujifunza kuweka chini na kubeba tena, hatua kwa hatua, tukiangalia wakati wake.

Yule mama wa Nkololo hakupenda maneno yetu mwanzoni. Alisema mwanawe atachekwa na wenzake kwa kidumu kidogo kama kile, na kwamba yeye alipokuwa na umri huo alichukua mtungi. Hatukubishana naye, kwani huenda alisema kweli. Ila mwenyeji wetu alikuwa na dumu la mafuta la lita 3, akaliosha, akalipeleka, na asubuhi ya pili yake tulimwona mtoto akipita nalo mkononi, mkoba mgongoni, nguo zake kavu. Hakusimama kwetu. Alikuwa akishindana mbio na wenziwe, na maji yakisukasuka ndani ya dumu.

Kabla hatujaondoka tulipata habari kuwa siku nne mfululizo amekwenda shule na kurudi, na kwamba amekwisha mwambia mama yake dumu lile ni dogo mno, ataka la lita 5. Mama alimjibu angoje mpaka mavuno.